Kubadilisha Mtungi wa Propani Uingereza: Mwongozo kwa Anayeishi Kijijini

Wenzetu wengi waliokuja Uingereza miaka ya karibuni kufanya kazi katika nyumba za kulelea wazee hawakupangiwa London wala Birmingham, bali walipelekwa Lincolnshire, Norfolk, Herefordshire na sehemu nyingine za mashambani ambako bomba la gesi la mitaani halijafika. Anayepanga nyumba huko hukuta nyuma ya nyumba mitungi miwili au minne mirefu, myekundu, imesimamishwa ukutani kwa mnyororo, na mara nyingi hapati maelezo yoyote kuihusu mpaka siku maji ya kuogea yanapotoka ya baridi na jiko linapokataa kuwaka. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Haumfundishi ufundi wa gesi, kwa sababu sheria ya hapa imewaachia kazi hiyo mafundi waliosajiliwa. Unamwelekeza katika kazi moja ambayo mpangaji anaruhusiwa kuifanya kwa mikono yake, nayo ni kuuondoa mtungi uliokwisha na kuunganisha uliojaa.

Mimi mtungi wa kwanza uliniishia usiku wa Januari, saa 5, nilipokuwa nimerudi kutoka zamu. Nyumbani Tanga nilikuwa nikibadilisha mitungi tangu utotoni, kwa hiyo sikuona sababu ya kumsumbua mtu. Nikachukua spana, nikaizungusha nati upande ambao mikono yangu imezoea kulegezea, na kila nilipoongeza nguvu nati ilizidi kukaza. Nilipambana nayo karibu saa nzima nje kwenye baridi, watoto wakiwa ndani wamevaa makoti, nikashindwa. Asubuhi jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa mkulima, aliizungusha upande wa pili na ikaachia palepale. Niliumia sana usiku ule, si kwa sababu ya kazi yenyewe, ambayo ni ya dakika 10, bali kwa sababu neno moja tu lingetuepusha na baridi ile, na hakuna aliyekuwa amelisema. Neno hilo ndilo hili: nati ya mtungi wa propani imekatwa meno kinyume.

Kabla ya kufika kwenye nati, inafaa kuelewa gesi yenyewe, maana si ile tuliyoizoea. Gesi ya mitungi ya Tanzania na Kenya, ile ya kilo 6, 13 au 15, ni mchanganyiko wa propani na butani, na katika joto la kwetu mchanganyiko huo hugeuka mvuke bila shida mwaka mzima. Butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, hivyo mtungi wa butani ulioachwa nje usiku wa baridi kali unaweza kuwa na kimiminika cha kutosha ndani yake na bado ukashindwa kuwasha jiko. Propani huendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, na ndiyo maana mitungi ya nje ya nchi hii ni ya propani. Katika kampuni kubwa kama Calor, mtungi wa propani ni mwekundu na wa butani ni wa bluu, lakini rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma jina la gesi lililoandikwa ubavuni na usitegemee rangi peke yake. Regulata zake nazo ni tofauti: ya propani hushusha msukumo mpaka milibaa 37, ya butani mpaka milibaa 28. Usilazimishe kamwe regulata ya gesi moja kwenye mtungi wa gesi nyingine, na usinunue kipande cha kuunganishia mtandaoni ili vitu viwili visivyoendana vipatane.

Jambo la pili la kuacha nyumbani ni mahali pa kuweka mtungi. Kwetu mtungi hukaa jikoni kando ya jiko, na watu wengi wamekua wakiuona hapo. Hapa mtungi wa propani hauingizwi ndani ya nyumba ya kuishi hata kama mvua inanyesha, hata kama ni mdogo, hata kama umekwisha. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo ukivuja haupandi juu na kutoka dirishani, bali hutambaa chini, hujaza pembe za sakafu, huingia kwenye mifereji na vyumba vya chini ya ardhi, na hukaa huko ukisubiri cheche ya friji au swichi. Kwa sababu hiyohiyo mitungi hukaa angalau mita 1 kutoka kwenye mlango au tundu lolote la chini la nyumba, na mita 2 kutoka kwenye mfereji ulio wazi. Ukikuta mwenye nyumba ameipanga karibu zaidi ya hapo, mwandikie barua pepe ueleze ulichokiona na uambatishe picha, ili ombi lako libaki kwenye maandishi.

Sasa utajuaje kwamba mtungi umekwisha kweli, na si koki iliyofungwa au boila, yaani mashine ya kupasha moto maji na nyumba, iliyoharibika? Washa jiko la jikoni kama nalo linatumia gesi hiyohiyo. Jiko likiwaka vizuri na boila ikakataa, tatizo liko kwenye boila. Vyote viwili vikifa, toka nje ukaangalie. Mtungi uliotumika kwa nguvu hupoa, na siku yenye unyevunyevu hufanya umande au hata barafu nyembamba upande wa nje kuanzia chini mpaka pale kimiminika kinapoishia; mtungi mkavu wa juu mpaka chini, ambao pia unasogea kirahisi ukiutikisa kidogo kwa mkono, hauna kitu. Wengine hunusa harufu ya gesi ikiwa kali kuliko kawaida siku za mwisho za mtungi, kwa kuwa dawa ya harufu iliyochanganywa humo huelekea kubaki nyuma gesi inapopungua. Hata hivyo, harufu yoyote uichukulie kwanza kuwa ni kuvuja, mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Hapa lazima nitaje desturi moja ya kwetu ambayo nimeikuta mpaka huku. Gesi ikikaribia kuisha, watu huulaza mtungi au huuweka ndani ya beseni la maji ya moto ili watoe kilichobaki wamalizie kupika maharage. Tafadhali usifanye hivyo. Mtungi ukilazwa, kinachoingia kwenye regulata ni kimiminika badala ya mvuke, na tone dogo la kimiminika hutanuka na kuwa mvuke zaidi ya mara 200 ya ukubwa wake, kiasi ambacho jiko halikuundwa kukihimili. Mtungi ukipashwa moto, msukumo wa ndani hupanda. Kilichobaki ndani hakifidii hatari hiyo, hata kama maharage yameiva nusu.

Ukishajua kwamba mtungi ndio tatizo, angalia umefungiwa mfumo gani ukutani. Nyumba zenye mitungi miwili au minne ya kilo 47 huwa na regulata moja katikati, na kila upande mpira mfupi unaokwenda kwenye mtungi. Mifumo mingine ni ya mkono: upande mmoja ukiisha, nyumba hukosa gesi mpaka ugeuze wenzo kuelekea upande wa pili na kufungua koki ya mtungi uliojaa. Mingine hujigeuza yenyewe, na hapo ndipo wapangaji wengi hunaswa, kwa sababu upande wa kwanza ukiisha gesi huendelea kuja kutoka akiba, hakuna anayehisi lolote, na siku akiba nayo inapokwisha mitungi yote huwa mitupu kwa pamoja. Mfumo wa aina hii huwa na kidirisha kidogo kinachobadilika kuwa chekundu upande mmoja unapomalizika. Kiangalie kila Jumamosi unapotoa taka. Kikiwa chekundu, geuza kitasa kiuelekee mtungi unaotumika sasa, kisha agiza mwingine siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ifanye mchana ikiwezekana. Zima jiko, boila na kitu kingine chochote kinachotumia gesi. Mfumo unaojigeuza wenyewe unaruhusu kubadilisha upande mmoja huku mwingine ukifanya kazi, lakini kwa mtu anayefanya mara ya kwanza nashauri azime vyote, kwani hapotezi chochote ila dakika chache za joto. Sigara isiwepo, simu ibaki ndani, na kama ni giza washa tochi kabla ya kuikaribia mitungi.

Anza na koki ya mtungi uliokwisha, yaani gurudumu dogo lililo juu. Hili linafuata desturi ya kawaida: zungusha kwa kufuata mshale wa saa ili kufunga, mpaka likome. Usiliruke hatua hii kwa kuwa mtungi ni mtupu, kwa sababu mtungi tunaouita mtupu bado una mvuke ndani yake. Kisha ishike nati inayounganisha mpira na koki. Itazame kwa karibu, nawe utaona kwenye pembe zake sita mikato midogo kama iliyochongwa kwa tupa. Mikato hiyo ndiyo alama ya mafundi kwamba meno yamekatwa kinyume, na laiti ningeijua usiku ule ningeisoma kwa kidole hata gizani. Ukiitazama nati uso kwa uso, kuilegeza ni kufuata mshale wa saa, na kuikaza ni kwenda kinyume cha mshale wa saa. Kwa hiyo mkono uleule, katika dakika ileile, unazungusha gurudumu kulia ili kufunga na nati kulia ili kufungua, na ndiyo maana hata mtu mzoefu huchanganyikiwa akifanya kwa haraka. Nati ikiachia utasikia mlio mfupi wa mvuke uliobaki kwenye mpira. Ukiwa wa sekunde moja mbili ni kawaida, ukiendelea ina maana koki haijafungwa sawasawa, basi rudishia nati na ufunge tena.

Mtungi mtupu ukishatoka, rudishia kizibo chake, ambacho nacho hukazwa kinyume. Uhamishe ukiwa umesimama. Mtungi wa kilo 47 una urefu wa karibu mita 1.3, na chuma chake peke yake kina uzito unaokaribia ule wa gesi inayojazwa, kwa hiyo ukiwa umejaa hukaribia kilo 100. Usijaribu kuubeba wala kuuburuta; sisi tunaonyanyua wazee kwa zamu za saa 12 tunajua migongo yetu ina thamani gani. Mwombe dereva anayeleta gesi auweke mahali pake kabisa ukutani, na kama ni lazima kuusogeza hatua mbili tatu, uinamishe kidogo na kuuzungusha kwa kitako chake, watu wawili mkishirikiana.

Kwenye mtungi uliojaa, hakikisha kwanza kwamba koki imefungwa, ndipo utoe kizibo. Chungulia ndani ya mdomo wa koki uone kama kuna mchanga, buibui au maji, ufute kwa kitambaa kikavu. Halafu itazame ncha ya shaba iliyo mwishoni mwa mpira, ile inayoingia ndani ya koki. Katika viungo vingi ncha hiyo huziba kwa chuma kugusana na chuma, bila raba, hivyo mkwaruzo unaoweza kuuhisi kwa ukucha unatosha kuvujisha gesi. Katika viungo vingine kuna pete nyeusi ya raba, nayo ikiwa imepasuka, imekauka au haipo, kazi isimame hapo mpaka ipatikane nyingine. Usizungushie utepe mweupe wa mabomba ya maji wala usipake mafuta ya aina yoyote. Anza kuikaza nati kwa vidole, kinyume cha mshale wa saa, ili uhisi kwamba meno yameshikana bila kupandana, kisha malizia kwa spana mpaka ikaze vizuri. Spana iwe fupi, ile inayouzwa kwa kazi hii, maana ndefu hukupa nguvu nyingi kuliko shaba inavyoweza kuvumilia.

Fungua koki polepole. Robo mzunguko, sikiliza, kisha endelea. Gesi ndani ya mtungi ina msukumo wa takriban baa 7 siku isiyo na baridi sana, karibu mara 200 ya ule unaotakiwa jikoni, na ukiifungua kwa ghafla unaipiga regulata kishindo kinachoweza kufunga vifaa vyake vya usalama. Kisha pima kuvuja. Dawa maalumu ya kupuliza huuzwa katika maduka ya vifaa vya kambi na haili shaba. Kama huna, maji yenye sabuni ya vyombo yatasaidia, ila uyasuuze na kufuta baadaye. Paka pande zote za nati na shingo ya koki, ngoja nusu dakika, na angalia kama kuna mapovu yanayokua. Kiberiti hakitumiki kamwe kwa kazi hii. Povu likikua, kaza kidogo na upime tena. Likiendelea, funga koki na umwite fundi.

Wakati mwingine kila kitu kimeunganishwa sawa na bado jiko haliwaki. Baadhi ya regulata za ukutani zina kifaa kinachojifunga msukumo unaposhuka sana, kama unavyoshuka mtungi unapoisha, nacho hakijifungui mpaka mtu akibonye au kukivuta kwa mkono. Maelekezo yake huwa kwenye kibandiko cha regulata. Kabla ya kukigusa, pita nyumba nzima uhakikishe kwamba vitasa vyote vya jiko vimefungwa. Kikijifunga tena baada ya kufunguliwa, kinakwambia kuna tatizo mahali, usishindane nacho. Boila nayo ikionyesha alama ya hitilafu, ibonyeze kitufe cha kuianzisha upya mara moja au mbili tu, kwani hewa iliyoingia kwenye bomba huchukua muda kutoka.

Ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiwashe wala usizime taa. Funga koki za mitungi yote nje, fungua milango na madirisha, hasa mlango ulio usawa wa sakafu, toa watu wote, kisha piga simu ukiwa mbali. Namba ya dharura ya gesi ya mitungi ni ile ya kampuni iliyokuuzia, na imeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Iandike leo kwenye simu yako, kwa sababu siku ya kuihitaji hutataka kwenda kuisoma pale inapovuja. Namba maarufu ambayo majirani watakupa ni ya gesi ya bomba la mitaani. Kukiwa na moto, piga 999.

Kazi yoyote inayopita kubadilisha mtungi, iwe kuhamisha regulata, kubadilisha mpira uliofungwa kwenye ukuta au kugusa boila, ni ya fundi aliye kwenye Gas Safe Register, sajili rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Atakapofika, mwombe kitambulisho chake na ukigeuze nyuma, kwa maana huko ndiko kumeandikwa aina za kazi alizofuzu, na si kila fundi wa gesi ya bomba amefuzu gesi ya mitungi. Kumwomba kitambulisho si kumkosea adabu. Gharama za vifaa vya nyumba ni za mwenye nyumba, ambaye pia anawajibika kufanya ukaguzi wa gesi kila baada ya miezi 12 na kukupa nakala ya cheti, kwa mpangaji mpya kabla hajahamia. England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, chumba cha kuishi chenye boila au hita ya gesi lazima kiwe na kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Wengi wetu tunaona haya kudai haya mambo kwa hofu kwamba tutaonekana wakorofi na nyumba itatuponyoka. Dai kwa upole, kwa maandishi, lakini dai.

Limebaki suala la fedha na mahesabu. Mtungi wenyewe si wako. Unabaki kuwa mali ya kampuni, wewe unalipa amana mara moja kisha unalipia gesi tu kila unapobadilishiwa, kwa hiyo itunze ile karatasi ya makubaliano na usikubali mtungi wa kampuni nyingine mlangoni bila kuuliza. Kilo 47 za propani zina nguvu ya karibu uniti 650, kwa maana ileile ya uniti za umeme tunazonunua nyumbani. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zake zote hula kilo 1.7 hivi kwa saa, yaani mtungi mzima humalizika kwa saa 27 za kuwaka mfululizo. Familia inayoiwasha kwa jumla ya saa 3 za nguvu kamili kwa siku wakati wa baridi itamaliza mtungi kwa takriban siku 9, ilhali anayetumia gesi kwa kupikia tu anaweza kukaa nao kwa miezi. Kabla ya Krismasi na wakati wa theluji magari ya gesi huchelewa kufika vijijini, hivyo agizo la Desemba lifanye mapema mwezi huo. Mimi hubandika kipande cha utepe juu ya kila mtungi mpya na kuandika tarehe niliyoufungua kwa kalamu isiyofutika. Tepe za msimu mmoja, zikipangwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, zilitosha kunionyesha kwamba nyumba yetu hula mtungi mmoja kila siku 11 Januari na mmoja kwa wiki 6 ikifika Mei.